Sura ya Tano: Sauti Iliyotangulia Waya

Mwezi Juni 2007, katika hoteli ya Ngurdoto iliyo karibu na Usa River, chini ya Mlima Meru, kijana wa miaka 19 kutoka Malawi aliwekewa kompyuta mpakato mezani akaambiwa atafute chochote anachotaka kukijua. Alikuwa hajawahi kuitumia intaneti. Hata ndege alikuwa amepanda kwa mara ya kwanza kuja Arusha. William Kamkwamba akaandika neno moja la Kiingereza, lile la kinu cha upepo, na majibu yakamiminika kwa mamilioni. Miaka mitano nyuma, njaa ilipoikumba Malawi na ada ikakosekana kwao, alikuwa ameacha shule akawa anashinda kwenye maktaba ndogo ya Shule ya Msingi Wimbe, na humo akakuta kitabu chenye picha ya kinu cha upepo. Kwa picha hiyo, dinamo ya baiskeli, mabomba ya plastiki na nguzo za mikaratusi, aliwasha taa nyumbani kwao Masitala. Siku ile Ngurdoto aliona kwa dakika moja kitu alichokuwa amekitolea jasho kwa miezi.

Kisa hiki kimesimuliwa sana, lakini kina upande ambao watu huupita haraka. Kamkwamba alikuwa hajaiona intaneti. Intaneti ilikwisha kumwona yeye. Gazeti la Daily Times la Malawi liliandika habari zake Novemba 2006. Mwanablogu mmoja aliyekuwa akifanya kazi nchini humo akaichukua habari ile akaiweka kwenye blogu yake. Emeka Okafor, Mnigeria aliyekuwa akitafuta wazungumzaji wa kongamano lile la TED la Ngurdoto, akaisoma, akaanza kumsaka kijana ambaye hakuwa na simu wala anwani. Jina likatangulia kufika ulimwenguni, mwenye jina akafuata.

Nimekaa Arusha muda wa kutosha kujua kwamba kisa hicho si cha Kamkwamba peke yake. Vitabu vingi vya historia ya mtandao huanza na nyaya: nani alileta mkongo, mwaka gani, kwa kasi ipi. Hesabu hiyo haiielezi Arusha. Hapa kwetu sauti ilitangulia waya. Watu walikuwa na la kusema, wakalisukuma kwa njia yoyote iliyokuwepo, na waya ulipofika uliwakuta wakiwa katikati ya maneno.

Tena jambo hili ni la zamani kuliko kompyuta. Mwaka 1951 serikali ya Mwingereza iliwaondoa maelfu ya Wameru kwenye ardhi yao ya Ngare Nanyuki ili ipewe wafugaji wa Kizungu. Nyumba zilichomwa. Wameru hawakuwa na redio wala gazeti lao. Walichangishana fedha, na mwaka 1952 Kirilo Japhet, akisaidiwa na wakili Earle Seaton, akafika New York na kuyaweka malalamiko ya wakulima wa mlimani mbele ya Umoja wa Mataifa. Ardhi haikurudi mwaka ule. Lakini kijiji kilichokuwa hakimo hata kwenye ramani nyingi za dunia kilitajwa katika ukumbi ambao mataifa yote yalikuwa yakisikiliza, na Kirilo aliporudi alizunguka nchi akisimulia aliyoyaona. Ninapowasikia vijana wakisema kwamba kupeleka habari za mtaani duniani ni mambo ya simujanja, humkumbuka mzee huyu.

Sasa twende kwenye kompyuta zenyewe. Katikati ya miaka ya 1990 simu ya mezani ilikuwa mali ya wachache. Kupiga ng'ambo kuliuma mfuko kiasi kwamba watu waliandika kwanza kwenye karatasi watakachosema, wasije wakapoteza dakika kwa kufikiri. Faksi ndiyo iliyokuwa mfalme wa ofisi za utalii. Katika hali hiyo kilianza kituo kilichoitwa Arusha Node Marie, na namna kilivyofanya kazi inastahili kuelezwa polepole, maana leo imesahaulika kabisa.

Kilitumia utaratibu wa FidoNet, uliobuniwa na Mmarekani Tom Jennings mwaka 1984. Katika FidoNet kompyuta hazikuwa zimeunganishwa muda wote. Ulikaa ofisini kwako ukaandika barua zako, zikalala ndani ya mashine. Ikifika saa iliyopangwa, mara nyingi usiku bei za simu zikiwa zimeshuka, kompyuta yako iliipigia simu kompyuta ya kituo, ikaikabidhi furushi, ikachukua la kwako, ikakata. Kituo nacho kikakusanya mafurushi ya wote na kuyasukuma mbele, kutoka kituo hadi kituo, mpaka kwenye mlango wa intaneti yenyewe. Kwa vituo vingi vya Afrika mlango huo ulikuwa London, kwa watu wa GreenNet. Barua ilichukua siku moja au mbili, na watu waliona ni muujiza. Daktari wa hospitali ya misheni, mwandaaji wa safari za porini, mtafiti wa mambo ya maji: wote waliishi kwa ratiba ya furushi, kama babu zao walivyoishi kwa ratiba ya gari la posta.

Kutokana na mwanzo huo ikatoka Habari Node, na anwani za Arusha zikaanza kuishia na habari.co.tz. Nyingine ziliishia na yako.habari.co.tz. Mimi huipenda anwani hiyo mpaka leo. Wakati ambapo kila kilichokuwa kwenye kioo cha kompyuta kilikuwa cha Kiingereza, sisi tulikuwa na anwani inayosomeka kama mtu anayekujulia hali mlangoni. Kadi za kampuni za utalii zilizochapwa miaka ile bado zinaonekana kwenye droo za watu mjini, na anwani hiyo ipo juu yake kwa herufi ndogo.

Kisha zikaja kafe za intaneti. Kati ya Mnara wa Saa na soko kuu ukitembea kwa mguu ungeweza kuzihesabu: chumba kimoja, kompyuta sita au nane, mapazia ya kitenge, feni, karatasi ukutani yenye bei. Nilizoea kulipa shilingi mia tano kwa nusu saa, na nusu nzima ya nusu saa hiyo iliishia kwenye kusubiri. Picha ilijifungua kutoka juu kwenda chini, paji la uso kwanza, kidevu baadaye. Umeme ukikatika barua yako ilikufa nayo, na mtu aliyekuwa amefika mwisho wa maombi ya ufadhili wa masomo alitoka nje akasimama barabarani bila kusema neno.

Siku moja ya Jumamosi aliingia mama mmoja aliyetoka sokoni Tengeru, bado ana vumbi la ndizi kwenye khanga, mkononi kashika kipande cha daftari chenye anwani ya mwanawe aliyekuwa Marekani. Kijana wa kafe akamwamkia, "Shikamoo mama," akaitikiwa, akamvutia kiti. Akafungua barua, akaanza kumsomea kwa sauti. Sisi wengine tuliacha kuandika. Mwana alisema hajambo, baridi ni kali, kazi amepata, asiuziwe mtu yule ndama mweusi. Mama akasikiliza mpaka mwisho, akamwomba kijana arudie pale penye baridi. Kisha akaanza kujibu, na alijibu kama watu wa kwao wanavyosalimiana: akamtaja shangazi, akamtaja jirani aliyefiwa, migomba, bei ya kahawa, mvua iliyochelewa, mchungaji mpya. Kijana aliandika kwa vidole viwili. Dakika za mama ziliisha mbele ya macho yetu pale kwenye kioo, na kijana akaongeza dakika nyingine bila kumwambia. Hakuna aliyelalamika kwenye foleni.

Nimeisimulia siku hiyo kwa sababu inaeleza utamaduni wa mtandao wa Arusha kuliko takwimu yoyote ninayoweza kuitafuta. Mtandao wetu wa kwanza ulikuwa wa kusomewa. Ulikuwa wa hadharani, kati ya watu, na barua ya mmoja iliachwa kidogo kwa kila aliyekuwepo. Mtu aliyedhani teknolojia hii ingemfungia kila mmoja chumbani kwake angepaswa kuja Arusha mwaka 2002.

Vijana walikuwa na matumizi yao. Kulikuwa na vyumba vya soga vya Yahoo, kulikuwa na bahati nasibu ya kuhamia Marekani, baadaye kukawa na Hi5. Lakini kwa jiji hili nguvu yenyewe ilikuwa kwenye muziki. Mwaka 1996 lilianza kundi la X Plastaz, vijana wa Arusha waliochanganya hip hop na uimbaji wa Kimasai. Katika miaka hiyohiyo Mholanzi Thomas Gesthuizen alikuwa ameanzisha tovuti ya Rumba-Kali, baadaye ikaitwa Africanhiphop.com, iliyokusanya hip hop ya Afrika wakati ambapo redio za Ulaya hazikujua kwamba kitu hicho kipo. Gesthuizen alifanya kazi na X Plastaz, na kwa hiyo kundi hili likapata masikio Amsterdam na Berlin katika kipindi ambacho mtu wa Ngarenaro au Unga Limited alipaswa kulipia nusu saa ili kuyaona maneno yaliyoandikwa juu ya majirani zake. Albamu yao ya Maasai Hip Hop ilitoka Ujerumani mwaka 2004. Walipata pigo kubwa mwaka 2006 walipompoteza mwenzao Faza Nelly. Mwaka 2009 Gsann wa kundi hilo akachana kwa Kiswahili kwenye tuzo za hip hop za BET, Marekani, na video ile ikazunguka mtandaoni.

Watu wa Dar es Salaam walikuwa na studio kubwa na vituo vya redio. Arusha haikuwa navyo kwa wingi huo, na nina hakika upungufu huo ndio uliowasukuma vijana wa hapa kutazama nje mapema. Waliokuja nyuma yao, Nako 2 Nako na baadaye Weusi, walikuta njia imekwisha kukanyagwa. Lugha ya Chuga nayo, yaani ya mitaa ya Arusha, pamoja na chalii wake na arifu wake, ikasafiri na nyimbo mpaka kwa watu ambao hawajawahi kuuona Mlima Meru.

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu jiji hili lina jambo lingine ambalo historia ya mtandao hailitaji, na ni kubwa.

Kuanzia mwaka 1995 Arusha ilikuwa makao ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, katika majengo ya kituo cha mikutano cha AICC. Shirika la Hirondelle liliweka hapa ofisi ya habari iliyofuatilia kesi hizo na kuzisambaza nje. Kati ya kesi zote, iliyogusa kazi ya kila anayeandika mbele ya umma ni ile iliyojulikana kama kesi ya vyombo vya habari. Washtakiwa walikuwa Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza wa redio RTLM, na Hassan Ngeze wa gazeti la Kangura. Desemba 3, 2003 mahakama iliwatia hatiani. Hawakushtakiwa kwa kushika panga kila mahali palipochinjwa watu. Uzito wa kesi ulikuwa juu ya maneno, juu ya kuendesha chombo kinachowaita majirani mende, na kukiacha kiendelee. Hukumu ya rufaa ilisomwa Novemba 28, 2007, hapahapa Arusha. Baadhi ya makosa yalifutwa na vifungo vikapunguzwa, lakini hatia ilibaki: Nahimana miaka 30, Ngeze 35, Barayagwiza 32.

Mwezi haukupita. Desemba 27 Wakenya walipiga kura, Desemba 30 matokeo yakatangazwa, na nchi ikashika moto. Kutoka Arusha hadi Namanga, mpakani, ni mwendo wa saa mbili kwa gari. Tulikuwa na ndugu, wanafunzi na wateja upande ule. Matangazo ya moja kwa moja ya redio na televisheni yalipigwa marufuku na serikali ya Kenya. Ndipo watu waliokuwa wamekutana Ngurdoto miezi sita tu kabla wakaanza kupigiana simu.

Kongamano lile la Juni 4 hadi 7, 2007 lilikuwa la kwanza la TED kufanyika Afrika. Waandaaji walileta vijana 100 wa Kiafrika kwa ufadhili, na miongoni mwa waliokuwemo ukumbini kulikuwa na wanablogu kutoka pande zote za bara. Majukwaani walisimama Ngozi Okonjo-Iweala, na George Ayittey aliyeligawa bara kati ya duma na viboko. Andrew Mwenda wa Uganda aliishambulia misaada ya kigeni huku mwanamuziki Bono akimpinga kutoka kwenye viti. Magazeti yalishika mzozo huo. Kwa maoni yangu mambo ya maana zaidi yalitokea kwenye chai. Ory Okolloh, mwanasheria wa Kenya aliyeanzisha tovuti ya Mzalendo kufuatilia wabunge, alikuwepo. Erik Hersman, aliyelelewa Sudan na Kenya, alikuwepo. Juliana Rotich alikuwepo. Walikuwa wakisomana mtandaoni. Arusha iliwapa nafasi ya kushikana mikono.

Mwanzoni mwa Januari 2008 Okolloh aliandika kwenye blogu yake akiuliza kama kuna mafundi wanaoweza kutengeneza ramani ya kuonyesha mahali watu wanaposhambuliwa. Hersman akampata David Kobia, Mkenya aliyekuwa Alabama. Katika siku chache tovuti ikawa hewani. Mtu wa Eldoret au Kibera aliweza kutuma alichokiona, na taarifa ikawekwa mahali pake kwenye ramani. Waliipa jina la Kiswahili, Ushahidi, na jina hilo likatumika Haiti baada ya tetemeko la mwaka 2010 bila kutafsiriwa.

Huyu Kobia alikuwa pia mwenye Mashada, jukwaa la mazungumzo ambako Wakenya wengi walikutana. Mwisho wa Januari 2008 matusi ya kikabila yalizidi nguvu za wasimamizi, naye akalifunga kwa mkono wake mwenyewe, kisha akaanzisha mahali pengine pa Wakenya kujitambulisha bila kabila. Nimelifikiria tendo hilo mara nyingi. Majaji wa Arusha walikuwa wamesema, wiki chache tu kabla, kwamba anayemiliki jukwaa ana mzigo wa kinachosemwa juu yake. Sina sababu ya kudai kwamba Kobia aliisoma hukumu ile. Alifika mahali pamoja nao kwa dhamiri yake. Leo kampuni zinazomiliki mitandao mikubwa zina mawakili wengi na bado hazijafika huko. Natamani kila mwanafunzi wa uandishi katika Afrika Mashariki aisome kesi ya vyombo vya habari kabla hajapewa nenosiri la akaunti ya chombo chochote.

Kiswahili chenyewe kilikuwa kimekwisha kupata watu wake. Ndesanjo Macha alianza blogu ya Jikomboe mwaka 2004 na akawafundisha wengine. Mwaka 2005, wakiwa Helsinki, alimsaidia Issa Michuzi kufungua blogu ya picha ambayo baadaye ilisomwa na Watanzania kila pembe ya dunia. JamiiForums ilianza mwaka 2006 kwa jina la JamboForums. Arusha ilishiriki yote hayo kama msomaji na mchangiaji, kwa hiyo nisikae hapo.

Mwaka 2011 tukapata somo letu wenyewe. Katika kijiji cha Samunge, Loliondo, mchungaji mstaafu wa KKKT, Ambilikile Mwasapila, aliyeitwa Babu, alikuwa akitoa kikombe cha dawa ya mti wa mugariga kwa shilingi 500. Habari ziliruka kwa ujumbe mfupi wa simu, kwa magazeti, kwa blogu. Kufikia Machi magari yalipanga foleni ya kilomita zaidi ya 20 kwenye barabara ya vumbi, na watu takriban 24,000 walikuwa wakisubiri kwa wakati mmoja, wengine wakilala nje siku kadhaa. Wako waliofia njiani. Wako walioacha dawa za hospitali. Babu mwenyewe ilibidi aombe watu wapya wasije kwa muda. Alifariki Julai 2021.

Wakati ule ni wachache waliokuwa na simujanja. Facebook ilikuwa ya wanafunzi na watu wa ofisini. Hata hivyo tetesi ilikwenda kwa kasi ambayo leo tunailaumia WhatsApp. Nilipokea ujumbe wa kikombe kutoka kwa watu wanne katika siku moja, wote ninawaheshimu, mmoja wao mwalimu wangu wa sekondari. Ndiyo maana niliuamini kwa nusu siku. Ujumbe ulikuja na jina la mtu ninayemfahamu, na katika malezi yetu neno hupimwa kwa mdomo uliolitoa. Utaratibu huo ni mzuri sana kijijini. Kwenye simu haukutusaidia, kwa sababu mwalimu wangu naye alikuwa ameupokea tu.

Waya, kwa upande wake, ulikuja bila sherehe. Mkongo wa SEACOM ulianza kazi Dar es Salaam Julai 23, 2009, na Mkongo wa Taifa ukafika Arusha hadi Namanga. Kabla ya hapo njia yetu ilikuwa setilaiti, na setilaiti ina umbali wa kilomita karibu 36,000 kutoka ardhini. Barua ya mtu wa Sakina kwenda kwa mtu wa Njiro, ikiwa wanatumia watoa huduma tofauti, ilipanda juu, ikashuka Ulaya au Marekani, ikapanda tena na kurudi, ili kuvuka mji ambao daladala huuvuka kwa dakika 30. Kilichotibu ugonjwa huo ni kituo cha kubadilishana data cha hapahapa, AIXP, ambako watoa huduma wa Arusha waliunganisha nyaya zao ili mambo ya mjini yamalizikie mjini. Ni chumba chenye mashine, hakina mvuto wa kuandikiwa makala. Nakihesabu kati ya kazi bora za pamoja zilizowahi kufanywa jijini.

Simu zikashuka bei, bando likaja, kafe zikafungwa moja baada ya nyingine. Wengi husema zimekufa. Nenda leo karibu na chuo chochote, Njiro au Tengeru, ukatafute steshenari. Kuna mashine ya kutoa kopi, kuna kompyuta mbili, kuna dada anayejaza fomu za Bodi ya Mikopo na za maombi ya ajira kwa niaba ya watu wenye simujanja mfukoni. Mzazi anasimama nyuma yake na cheti cha kuzaliwa, anamtajia herufi za jina. Ni yule kijana aliyemsomea mama wa ndizi, amebadilisha kibao tu.

Kilichokufa kweli ni kingine. Mwaka 2018 kanuni za maudhui ya mtandaoni zilimtaka mwenye blogu awe na leseni, na ada zake zilifika shilingi 2,100,000. Mwandishi wa Moshono anayeandika juu ya kilimo cha kahawa jioni baada ya kazi hawezi kulipa fedha hizo. JamiiForums yenyewe ilizima kwa muda Juni ile. Kanuni zimerekebishwa tangu hapo, lakini blogu ndogondogo zilizofungwa hazikurudi, na zilikuwa na picha, mashairi, matangazo ya misiba na mabishano ya kweli ya watu wa hapa. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, mtandao ulizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Jiji linaloishi kwa wageni wanaoweka nafasi kwa barua pepe lilibaki kimya. Nasema wazi kwamba kuzima mtandao ni kosa, na ni kosa zaidi katika mji ambao majaji walitumia miaka 20 kuonyesha kwamba mwenye kosa la maneno anaweza kutajwa kwa jina, akashtakiwa, akasikilizwa, bila kuwaziba midomo wote.

Kuna upotevu mwingine ambao hatuwezi kuilaumia serikali. Barua za FidoNet hazikuhifadhiwa. Seva za kafe ziliuzwa kama vyuma chakavu. Nyimbo za kwanza za Chuga zilizowekwa kwenye tovuti za wakati ule hazifunguki, na waliozirekodi wanazeeka. Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003, ina makala zaidi ya 80,000, lakini ukitafuta humo vijiji vya kuzunguka Meru utakuta vingi vina mistari miwili: kata, wilaya, idadi ya watu. Ngare Nanyuki iliwahi kusikika New York. Inastahili zaidi ya mistari miwili.

Kwa hiyo namwomba msomaji wa Arusha. Kama uliwahi kuwa mhudumu wa kafe, andika ulichokiona, hata kurasa tatu. Kama una kadi ya zamani yenye anwani ya habari.co.tz, piga picha kabla haijatupwa. Kama chini ya kitanda kuna CD ya demo ya kundi la mtaani kwenu, usisubiri mtafiti kutoka nje aje kuiulizia. Hamisha nyimbo zile wiki hii, maana CD zile zinaoza, kisha uandike pamoja nazo jina la kila aliyeimba, mwaka, na mtaa.